Korosho zetu zibanguliwe kabla hazijafika bandarini

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo, kwa maoni yangu, hatulipi uzito unaostahili kila msimu wa korosho unapofunguliwa huku kusini. Kuanzia Oktoba, minada inapoanza Newala, Tandahimba, Masasi na Ruangwa, redio na magazeti hutangaza bei ya juu na bei ya chini ya kilo moja, sisi wakulima tukasikiliza kwa moyo wa wasiwasi, na mzigo ukishatoka ghalani mjadala nao huisha. Hakuna anayeuliza kwa nini sehemu kubwa ya mzigo huo inaondoka ikiwa ghafi, kwenda kubanguliwa India na Vietnam.

Mimi ni mkulima, na mama yangu alikuwa mbanguaji. Nimekua nikiyaona majivu aliyojipaka mikononi ili mafuta ya ganda yasimchubue ngozi, na nimeona pia kwamba sare zetu za shule zilitokana na punje alizouza, si na korosho ghafi zilizopimwa kwenye mzani wa chama cha ushirika. Ndiyo maana sikubali ninapoambiwa kwamba ubanguaji ni kazi ya wenye mitambo mikubwa tu, au kwamba watu wa kusini hawaujui.

Nchi hii imewahi kujaribu. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilikopwa fedha, zikiwamo za Benki ya Dunia, vikajengwa viwanda vikubwa vya kubangulia. Bahati mbaya viwanda hivyo vilikamilika wakati korosho zenyewe zikiwa zimetoweka: kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74, uzalishaji ulishuka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Wazee wetu wanazijua sababu vizuri. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mashamba yao, mikorosho ikamezwa na pori, ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia, na bei aliyolipwa mkulima ikawa haimtoshi hata kupalilia. Baadaye viwanda vilibinafsishwa, na baadhi yake vikageuka kuwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli.

Leo hali ni kinyume chake. Serikali imetoa salfa na viuatilifu bila malipo kwa misimu kadhaa, wakulima wamepulizia kwa wakati, na msimu wa 2024/25 uzalishaji ulipita tani 500,000. Mali ipo kwa wingi ambao babu zetu hawakuuona, lakini mbanguaji wa ndani haipati. Mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani wa kukusanya korosho ghalani kupitia ushirika na kuziuza kwa mnada, ambao naupenda kwa sababu umetuokoa kwa kiasi kikubwa na walanguzi wa kangomba, yaani wanaonunua korosho kwa wakulima nje ya mnada, huuza kwa shehena za tani nyingi ambazo kikundi cha akina mama ishirini hakiwezi kuzigusa. Na kikundi hicho kikinunua magunia mawili kwa jirani yake, kinahesabiwa kuwa nacho kimefanya kangomba. Mwenye kiwanda naye ana mzigo wake. Katika miezi mitatu ya minada anatakiwa anunue korosho za kubangua mwaka mzima, kwa mkopo wa benki wenye riba kubwa, akishindana na mnunuzi mwenye mtaji wa nje ambaye atazisafirisha na kurudishiwa fedha zake ndani ya wiki chache. Mitambo inasimama ifikapo katikati ya mwaka, vibarua, ambao wengi wao ni wanawake, wanarudishwa nyumbani, na msimu unaofuata kiwanda hakifunguki.

Ng'ambo ya Ruvuma, ndugu zetu wa Msumbiji waliyapitia haya kwa uchungu zaidi. Mwaka 1995 Benki ya Dunia iliwataka wapunguze ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, kwa hoja kwamba mkulima angenufaika na ushindani. Viwanda vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza ajira. Mwaka 1999 Bunge lao likapitisha sheria ya kuupandisha tena ushuru huo, na baadaye viwanda vidogo vikaanza kufufuka katika jimbo la Nampula.

Wapo watakaosema kwamba kumpendelea mbanguaji ni kumkandamiza mkulima, na hoja hiyo siipuuzi. Hatujasahau mwishoni mwa mwaka 2018, wakulima walipokataa bei ya mnada, Serikali ikaamua kununua korosho zote kwa Sh3,300 kwa kilo na kulituma jeshi kuzisomba, na wengi wetu tukakaa miezi mingi tukisubiri malipo. Sitaki mkulima apunguziwe hata shilingi moja. Ninachosema ni kwamba fedha za kumsaidia mbanguaji zipo, nazo ni ushuru unaotozwa kwa kila tani ya korosho ghafi inayosafirishwa nje. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, ile asilimia 65 ya ushuru huo iliyokuwa ikirudi kwenye sekta ikaelekezwa Hazina. Sehemu yake ikitumika kudhamini mikopo ya wabanguaji, wataweza kulipa bei ileile ya mnada bila kuelemewa na riba.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa takriban kilo moja ya punje, maana yake tunalipia meli isafirishe maganda, wakati maganda hayo yana mafuta yanayotumika kutengenezea breki za magari na rangi. Vijana wetu nao, kwa kukosa kazi za viwandani huku nyumbani, wanapanda mabasi kwenda Kariakoo kuuza bidhaa barabarani, na inasemekana kwamba jina lenyewe la machinga, ambalo nchi nzima humwita mchuuzi, limetokana na Wamachinga wa mkoa wa Lindi.

Kwa hiyo naiomba Bodi ya Korosho na vyama vikuu vya ushirika vitenge, kabla mnada wa kwanza wa msimu ujao haujafunguliwa, shehena ndogo za tani moja moja ambazo vikundi vya wabanguaji vilivyosajiliwa vitazinunua kwa bei ya mnada, kupitia ghala hilohilo na kwa stakabadhi hiyohiyo.

Mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara