Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Zanzibar: wenye sukari Pemba tupigwe picha za macho kabla hatujapofuka

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Wete. Barua hii naisema kwa mdomo na mtoto wa dada yangu ndiye anayeiandika, kwa kuwa herufi sizioni tena. Nilisomesha skuli za msingi hapa Pemba mpaka nikastaafu, na uoni wangu umekwenda na maradhi ya sukari. Ninaloliomba ni moja: kila mwenye sukari kisiwani humu apigwe picha ya nyuma ya jicho kila mwaka, kwenye kliniki yake ya sukari, siku ile ile anayokwenda kuchukua dawa.

Kliniki niliyokuwa nikihudhuria ilinipima sukari, presha na uzito miaka yote. Nyuma ya jicho hakuna aliyepatazama. Nilipoanza kuona madoa meusi yanaelea na mistari inapinda, nikapimiwa miwani. Wauguzi wale siwalaumu, walitufanyia imani na vifaa hawakuwa navyo. Nalaumu huduma kupangwa sukari mlango huu, macho mlango mwengine.

Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu vimishipa vya damu vya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Vikichakaa huvuja kama paa la makuti, vyengine huziba. Jicho likikosa damu huotesha vimishipa vipya, dhaifu, ambavyo hupasuka na kulijaza jicho damu, au huivuta retina ikabanduka. Yote haya huanza bila maumivu. Mtu anaweza kusoma herufi za ubao wa kupimia macho mpaka mstari wa mwisho, na huku nyuma pameshaharibika. Ukimsubiri mgonjwa alalamike, umeshachelewa. Mwenye sukari ya ukubwani anatakiwa atazamwe macho tangu anapogundulika, maana huenda ameishi nayo miaka bila kujua.

Na tiba ipo, hilo ndilo linaloniuma. Tangu 1976 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kuwa leza, mwale wa mwanga wa kutibu retina, ikipigwa kwa wakati hupunguza hatari ya kupoteza uoni kwa nusu au zaidi. Sindano ya bevasizumabu, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani lakini ikidungwa ndani ya jicho huzuia vimishipa kuvuja, Shirika la Afya Duniani limeiweka tangu 2013 kwenye orodha ya dawa muhimu za macho, na chupa moja ikigawiwa kwa usafi unaotakiwa hutosha wagonjwa kadhaa. Lakini leza hulinda kilichobaki. Kilichokwisha kufa kwenye retina hakirudi. Kwa hiyo kila kitu kinategemea ile picha ya mwanzo. Uingereza, katika England, walianza mpango wa kuwapiga picha wenye sukari 2003, na takwimu za 2009 na 2010 zikaonyesha kuwa maradhi haya si tena sababu ya kwanza ya upofu kwa watu wazima wa umri wa kufanya kazi, baada ya kuongoza kwa miongo isiyopungua mitano.

Wao ni matajiri, ni kweli. Lakini kamera haihitaji bingwa akae nayo. Muuguzi aliyefunzwa hupiga picha, na bingwa akazisoma akiwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Avuke yule tu aliyeonekana ana tatizo. Mwenye macho mabovu havuki peke yake, Mheshimiwa: ni nauli za boti za watu wawili, chakula cha wawili, mahala pa kulala wawili. Nawajua walioweka rehani mikarafuu kwa safari hiyo.

Na kambi za mtoto wa jicho zinapokuja, watu wa sukari nao hupanga foleni wakidhani tatizo ni hilo hilo. Huambiwa si mtoto wa jicho, wakarudi nyumbani. Hapo pia wangepigwa picha na kupewa barua ya rufaa.

Sisi tulioshapofuka tunahitaji mafunzo ya fimbo nyeupe na ya simu inayosoma kwa sauti, na tunayahitaji hapa Pemba.

Utakapoisoma bajeti ya Wizara mbele ya Baraza la Wawakilishi, naomba kamera za macho za Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani zitajwe kwa idadi, pamoja na fedha za leza na sindano, na tarehe ya kuanza.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba