Risala ya Klabu ya TEHAMA kwa Mgeni Rasmi, Kamanda wa Polisi wa Mkoa, Siku ya Mahafali ya Kidato cha Sita

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Kamanda wa Polisi wa Mkoa wetu, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi, walimu wetu, wazazi na walezi, wahitimu wenzetu, itifaki imezingatiwa. Shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima, na tunakushukuru wewe kwa kuitikia mwaliko wetu. Kwa kuwa leo mgeni wetu ni askari, klabu imeona izungumzie kompyuta za polisi na nani azisimamie. Tumejifunza suala hili kwa kuangalia Uingereza, kwa sababu wenzetu walianza mapema na makosa yao waliyachunguza na kuyaandika hadharani.

England na Wales zina majeshi ya polisi 43, kila moja na mkuu wake. Mwaka 1974 ilianza kazi kompyuta ya pamoja iliyofungwa Hendon, kaskazini mwa London, kwanza kwa ajili ya magari ya wizi. Upelelezi wenyewe ulibaki kwenye karatasi. Kati ya 1975 na 1980, Peter Sutcliffe aliua wanawake 13 kaskazini mwa England. Katika miaka hiyo polisi walimhoji mara 9 na kumwachia. Kadi za maelezo zilirundikana chumbani huko Leeds, na hakuna aliyeweza kuzikusanya zote zilizomhusu mtu mmoja na kuzisoma pamoja. Alikamatwa Januari 1981 mjini Sheffield, baada ya askari wa doria kukagua namba za gari lake na kukuta ni za gari jingine. Uchunguzi wa kesi hiyo ndio uliozaa HOLMES, mfumo wa kompyuta wa kuendeshea upelelezi mkubwa.

Kisha likaundwa shirika la umma la kuyapatia majeshi hayo teknolojia ya habari, PITO, chini ya Sheria ya Polisi ya 1997. Lilianza kazi Aprili 1998. Kufikia 2001 majeshi yote 43 yalikuwa yameunganishwa kwenye mfumo mmoja wa alama za vidole. Kufikia 2005 yalikuwa yamehamia kwenye mtandao mmoja wa redio za kidijitali, Airwave, badala ya redio za zamani ambazo hata mhalifu mwenye kifaa cha kunasia aliweza kuzisikiliza. Hayo ni mafanikio makubwa, na tunayataja kwa heshima.

Lakini taarifa za kiintelijensia kila jeshi liliendelea kuzitunza kwa mfumo wake. Agosti 2002, katika mji mdogo wa Soham, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na Ian Huntley, mtunzaji wa majengo wa shule ya sekondari. Polisi wa Humberside, eneo alikoishi awali, walikuwa wamepokea tuhuma kadhaa za ngono dhidi yake katika miaka ya 1990, ila hazikutunzwa ipasavyo. Alipoomba kazi, polisi wa Cambridgeshire, eneo ulipo mji wa Soham, walimkagua kwa jina la Nixon, ambalo naye alikuwa akilitumia, wakaacha la Huntley. Sir Michael Bichard, aliyeteuliwa na serikali, alichunguza na kutoa ripoti Juni 2004. Polisi waliisingizia sheria ya kulinda taarifa binafsi kuwa ndiyo iliyowazuia kuzitunza tuhuma hizo, yeye hakukubali. Pendekezo lake la kwanza lilikuwa mfumo mmoja wa intelijensia wa taifa. Uskoti tayari walikuwa na wao. England na Wales waliupata 2011, wakati PITO imeshafutwa tangu 2007 na kazi zake kupewa wakala mwingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sisi tunaona kuwa kununua mashine ilikuwa sehemu nyepesi. Sehemu ngumu ilikuwa kuwafanya watu wa ofisi tofauti waandike jambo moja kwa namna moja. Tulilijaribu hilo kwenye maabara yetu. Tulitunga kijiji cha kubuni, tukagawana vituo, kila kundi likaingiza taarifa za matukio yaleyale. Mtu mmoja alitokea kama Athumani, Athuman na Othman. Ubini wake kwingine ukatangulia jina. Kompyuta ikatuhesabia watu watatu, wote hawana historia yoyote. Tulipoongeza namba ya kitambulisho cha taifa, matukio yake yakaungana papo hapo.

Sisi Tanzania tuna Jeshi la Polisi moja, si 43. Tayari mwananchi aliyepotelewa na nyaraka anaweza kutoa taarifa kwa mtandao, na tuna Mamlaka ya Serikali Mtandao inayosimamia viwango vya mifumo ya umma. Kwa hiyo tunaomba askari wa kaunta, anayeandika RB, yaani kumbukumbu ya taarifa iliyoletwa kituoni, usiku wa manane watu wamejaa mbele yake, apewe mafunzo na muda wa kuandika vizuri, maana kila mfumo wa makao makuu unaanzia kwake. Tunaomba pia taarifa za asiye na hatia zilindwe kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kumbukumbu zitunzwe kwa nakala za akiba. Januari 2021 Uingereza ilitangaza kwamba kosa la programu lilikuwa limefuta rekodi zaidi ya 200,000 kwenye kompyuta ileile ya pamoja iliyoanza 1974.

Kwa upande wa klabu, kompyuta zetu ni chache na chakavu, na intaneti hukatika katikati ya somo. Tunaomba utusemee kwa wadau. Zaidi ya yote, tunaomba wanaklabu watakaobaki waruhusiwe kutembelea kitengo chako cha TEHAMA, wajionee kazi inavyofanyika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.