Mjomba Kasema Nini?

Kambini, Uganda
29 Aprili 1979

Swahibu yangu,

Salamu nyingi kama mchanga wa pwani ya Lindi. Mimi ni mzima wa afya, wasiwasi ni kwako wewe na wote hapo nyumbani. Haya, adabu ya barua imekwisha. Sasa nisikilize, nina shida.

Juzi nimepata barua ya yule binti wa Kitunda, ng'ambo ya maji kutoka kwetu Lindi. Kaiandika mwezi wa pili! Unajua kaanza kuandika juzijuzi tu kwenye kisomo cha watu wazima, herufi zake kubwa kama za ubao wa duka. Kwa mapenzi yake akatia ndani ya bahasha korosho nne za kukaanga. Mhuri wa posta ukazigonga, magunia ya barua yakazilalia, zikawa unga. Mafuta yakaingia kwenye karatasi, wino wa biki ukatambaa. Nimesoma kwamba mama yake anaumwa miguu, mbuzi kazaa pacha, na ananiota. Halafu linakuja neno lenyewe: "Mjomba kasema kwamba wewe", na hapo pana doa la mafuta kama kiganja cha mtoto. Chini ya doa linasomeka neno moja tu, "Ramadhani".

Nimeitazama karatasi ile juani, nimeimulika kwa chemli, nimempa hata sajini wetu mwenye miwani. Wapi! Sasa kila mtu kambini ana tafsiri yake. Mmoja anasema nimepewa muda mpaka Ramadhani. Mtani wangu mmoja, Mnyamwezi, anaapa kwamba binti anaolewa na mtu anayeitwa Ramadhani. Wewe cheka tu.

Mambo yetu Wamwera unayajua. Baba anaweza kunipenda hata akanipa mashua yake, lakini mjomba akikohoa tu, hakuna ndoa. Na mjomba yule hanipendi tangu aliposikia habari za mtumbwi. Si unakumbuka? Navuka Kitunda sina shughuli, narudi sina shughuli, mara tatu kwa siku, mradi binti yumo mtumbwini na kapu lake la samaki. Mvushaji ndiye aliyenichongea, na nauli yangu kala! Huo ndio uchumba wetu wote. Wiki chache baadaye redio ikatangaza kwamba majeshi ya Amin yameingia Kagera, Mwalimu akahutubia taifa, na sisi mgambo tukapandishwa lori. Sikupata hata kuaga ng'ambo.

Hapa wananiita Lindo. Walianza kwa sababu natoka Lindi, jina likaganda kwa sababu kila zamu mbaya inaniangukia mimi. Lindo la saa nane usiku usiliombe. Mvua inanyesha, handaki lina maji mpaka kwenye vifundo, kombati haikauki, na kila jani likitikisika unadhani ni mtu. Chakula ni ndizi. Asubuhi ndizi, jioni ndizi. Wenyeji ni wakarimu, sisemi, lakini mtu wa pwani utampikia bila nazi siku ngapi? Mimi naota ming'oko, ile mizizi yetu ya porini. Ya moto, na chumvi yake, ile ya akina mama wa stendi.

Ya vita siandiki sana. Daraja la Kyaka tulilikuta limevunjwa, na vijiji vya ng'ambo ya mto Kagera vitupu, ng'ombe wameswagwa. Masaka ni magofu. Kampala tumeichukua tarehe 11 mwezi huu, redio imekwisha kuwaambieni. Watu walijaa barabarani wakitushangilia, na mimi katikati ya vigelegele vile namuwaza mjomba. Yule mwenzetu aliyekuwa akipiga filimbi kwenye lori siku ya kuondoka hatarudi. Kama kwao hawajaambiwa, usiwe wewe wa kuwaambia.

Sasa shida yenyewe. Anayekuletea barua hii ni kijana wa Nachingwea, kaumia mkono, anarudishwa nyumbani. Atakupa shilingi 200. Mia mpe mama. Mia nyingine ifunge kwenye leso nyeupe pamoja na barua ya posa, na barua hiyo iandike wewe, mwandiko wako una heshima. Usiende peke yako, mchukue babu yako anayejua kusema na watu wazima. Mvuke alfajiri, kusi halijaichafua bahari. Mwanzieni mjomba, baba baadaye. Baba atanuna siku mbili, mjomba angenuna mpaka kiama.

Muulizeni kwa upole lile neno lilisemaje. Ikiwa ni muda, nitaomba ruhusa, tufunge ndoa Mfungo Mosi, Idi ikishapita. Akisema mwanajeshi hana kesho, mwambieni babu ajibu, mimi jibu sina. Ikiwa kweli yuko huyo Ramadhani, niandikie vilevile. Usinifiche.

Na binti umwambie, korosho safari nyingine ampe mtu azibebe mkononi. Ila hizi nimezila, unga wake wote, mpaka nikailamba bahasha.

Nduguyo,
Lindo