Jumapili niliyogombezwa

Mbagala, Jumatatu jioni

Shoga yangu,

Hujambo? Usinicheke mwandiko. Vidole vina ganzi siku hizi, ndiyo tabia ya hii dawa ya pili ya saratani. Ile nyekundu, iliyokuwa ikinifanya nikojoe kama nimekunywa rozela, tulishaagana nayo baada ya dozi nne. Hii nimepata moja, zimebaki tatu.

Ratiba yangu unaijua: siku 21 toka dripu hadi dripu. Wiki ya kwanza nalala kama gunia. Ya pili chembe nyeupe za damu zinashuka, nakatazwa hata kumbeba mtoto mwenye mafua. Ya tatu ndiyo yangu. Basi jana, Jumapili ya wiki ya tatu, dada alituita kwake Kigamboni.

Mume wangu alitaka tukodi gari tupite darajani, eti nisichoke. Nikasema pantoni au siendi. Akakubali papo hapo! Yeye, ambaye zamani tungebishana mpaka pantoni tatu ziondoke. Nikasimama ukingoni, upepo unanipiga usoni. Ajabu, bahari ni ileile ninayoiona kila nikienda hospitali ya Ocean Road, kwenye yale majengo ya Wajerumani ya 1897, lakini kule upepo unaninukia dripu. Huu wa jana ulinuka samaki wa Feri na mafuta ya injini, nikaupenda.

Sasa sikiliza. Tangu siku ya majibu, hakuna aliyewahi kunikaripia. Watoto wananong'ona. Mama ananisemesha kama amebeba mtungi wenye ufa. Shoga, upole wa namna hii unatisha kuliko dripu, maana unajiuliza wenzako wameambiwa nini ambacho wewe hujaambiwa.

Kwa dada nikawekewa mto mkekani, chini ya mwembe. Nikakaa dakika kumi, nikachoka kupumzishwa. Dada alipogeuka kupuliza moto, nikaikalia mbuzi, nikaanza kukuna nazi. Kwa vidole hivi vya ganzi! Kifuu cha kwanza kilikwenda vizuri. Cha pili sikuhisi nimefika wapi, nikakuna nyama, nikakuna na ganda, sinia likajaa vipande vyeusi. Mama akapita.

"We mtoto! Unakuna nazi au unakuna kifuu? Unataka kutulisha tui jeusi? Mtu mzima na watoto watatu, kukuna nazi hujui!"

Kimya. Dada akashika kiuno. Mama mwenyewe akaziba mdomo. Na mimi nikacheka, nikacheka mpaka kilemba kikaanguka, kichwa cheupee hadharani. Mtoto wa dada, yule wa miaka minne, akaja kunikagua: "Mama mdogo, una kichwa cha babu." Hapo hata mume wangu alilala chali kwa kicheko.

Basi Mama akafunguka kama mfereji. Nimekaaje kwenye mbuzi, kwa nini nakonda, nani kanifunga kilemba ovyo namna hii. Nilikuwa nasikiliza kama taarabu.

Tulikula wali wa nazi, mchicha na changu wa kupaka. Kachumbari nimekatazwa na manesi, vitu vibichi sivyo vya kwangu kwa sasa, nikaishia kuinusa tu. Mdomo wangu bado una ladha ya funguo, maji yenyewe nayasikia chuma, lakini lile tui lililokamuliwa ndimu lilipenya. Nilimaliza sahani. Nikamwona Mama anaitazama ile sahani tupu, asiseme kitu.

Baadaye nililala, kichwa mapajani kwake. Akawa anapitisha kidole utosini, toka paji la uso mpaka kisogoni, mstari kwa mstari, kama anagawa nywele za kusuka. Nywele hakuna hata moja. Nilijifanya nimesinzia, kwa sababu ningefumbua macho angeacha.

Jumatano napima damu, ikiwa sawa Alhamisi naingia dozi ya sita. Mwisho wa mwezi umesema unakuja. Njoo, lakini usiniletee sura ya msibani. Na ile doti yangu ya khanga uliyoazima kwenye harusi ya mdogo wako, mwaka wa tatu huu, njoo nayo. Usipokuja nayo tutagombana, na nguvu za kugombana ninazo.

Wako,
Shoga yako