Barua ya wazi kwa vijana wanaoishi na wazee Eastlands

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mnaopakana mlango na wazee huko Umoja, Kariobangi, Kaloleni na Jericho, mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Korona ilipoingia Kenya Machi 2020, tuliambiwa tuwakinge wazee kwa kukaa mbali nao, na ilikuwa sawa. Lakini Aprili, kuingia na kutoka Nairobi kukapigwa marufuku, na watoto walio mbali wakashindwa kuja. Hata nyumba za ibada zilipofunguliwa Julai, waliozidi miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani. Chakula kililetwa mlangoni, mazungumzo hayakuletwa. Ugonjwa mwingine ukija, msirudie kosa hilo.

Kwanza, shikeni saa. Mzee akijua simu yako huingia saa nne asubuhi, Jumatatu na Alhamisi, anaamka akiwa na cha kungojea. Kijana mmoja asichukue wazee zaidi ya watatu. Afadhali siku mbili kwa wiki zinazotimizwa kuliko kupiga kila siku kwa majuma mawili kisha kunyamaza. Kimya hicho kinamuumiza kuliko kama hamngeanza kabisa.

Ukipiga, acha simu iite mpaka ikatike. Huenda bado anainuka kitini. Subiri dakika tano, piga tena. Ongea polepole na kwa sauti nzito, usifoke: masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba. Mkiwa ana kwa ana barakoa huongeza shida, maana midomo haionekani.

Usimuulize, "Umekula?" Atakwambia amekula, hataki kukusumbua. Muulize, "Jana usiku ulikula nini?" Akisema strungi, yaani chai isiyo na maziwa, na mkate, na siku ya pili jibu ni hilo hilo, ujue ameacha kupika. Wengi huacha wakibaki peke yao, kwa sababu kuwasha jiko kwa ajili ya sahani moja kunakatisha tamaa. Dawa nazo hesabuni. Aliyepewa vidonge 30 vya presha, kimoja kwa siku, baada ya siku 20 abaki na 10. Vikibaki 17, ameruka siku saba.

Halafu mwombeni kitu, na hapa ndipo wengi wenu hukosea: mnapeleka tu, hamwombi. Muulize muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ya Wakamba, unaivishwaje ukalainika, au shangazi yupi aliolewa wapi, au ushauri wa shamba lenye mzozo. Asiyeombwa lolote hujihesabu mzigo.

Mkimtembelea, kaeni uani, stuli zikiachana mita mbili, barakoa zifunike pua, dakika 20 zinatosha. Mwenye kikohozi au homa asiende hata kama ni zamu yake. Ampe mwenzake, na mzee ajulishwe mapema nani anakuja.

Mzee aliyekuwa timamu jana, na leo hajui ni siku gani, huyo si mpweke tu. Huenda ana maambukizi au sukari imeshuka. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Asiposhika simu mara mbili, msingoje kesho, nendeni mkabishe hodi. Ndiyo maana ufunguo wa akiba ukae kwa jirani anayemwamini, kwa ridhaa yake mwenyewe, pamoja na karatasi yenye nambari ya mwanawe, majina ya dawa na tarehe ya kliniki. Iwe karatasi, kwa sababu simu huisha chaji.

Mzee wenu