Mama Apimwe Damu

Dada Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatuandama. Salamu kwa shemeji na watoto.

Tangu Jumapili sijatulia. Kwenye simu Mama aliniuliza mara tatu kama nimekula, na kila mara kwa sauti ileile, kama ndiyo kwanza anauliza. Ukasema ni uzee, tumzoee. Dada, tusimzoee bado.

Unajua kazi yangu ni kulea wazee. Yupo bibi mmoja ninayemlisha mchana. Kijiko anakishika, anakitazama, hajui akipeleke wapi. Nikimwona yeye namwona Mama, ndiyo maana nawauliza wauguzi kila nipatapo nafasi.

Hapahapa Chicago, Chuo Kikuu cha Rush, ndiko mtafiti Martha Clare Morris na wenzake walikobuni mlo wa kulinda akili uzeeni, uitwao MIND: mboga za majani, kunde, samaki, karanga, nyama nyekundu na vitu vitamu kwa uchache. Nikafurahi, kumbe ni jiko la Mama mwenyewe! Lakini nisikudanganye. Waliujaribu kwa wazee 604 kwa miaka 3, na majibu yaliyotoka 2023 hayakuonyesha tofauti ya maana ya akili kati ya walioufuata na wenzao waliopunguza tu kiasi cha chakula chao cha kila siku. Kwa hiyo simwombei Mama mchicha kama dawa.

Ninachokiogopa ni upungufu. Mama anameza metfomini ya sukari mwaka wa tisa sasa. Dawa ni nzuri, asiiache hata siku moja, ila ikitumika miaka mingi huweza kuuzuia utumbo usifyonze vizuri vitamini B12, ambayo mishipa ya fahamu inaihitaji. Ini huwa na akiba yake, kwa hiyo pengo halionekani mapema. Likionekana ni uchovu, ganzi miguuni na kusahau. Ile ganzi ya Mama sote tumeitwisha sukari, na huenda ni sukari kweli, lakini hakuna aliyepima.

Halafu umeniambia ameacha samaki na mayai, siku hizi ni chai ya rangi na kipande cha mkate asubuhi na jioni, eti anaogopa sukari. Mkate ndio unaopandisha sukari, Dada! B12 iko kwenye dagaa, mayai, maini na maziwa. Kwenye mboga haimo. Mrudishie dagaa wake, umchambulie vichwa, maana meno hana.

Nimetuma hela leo. Mpeleke hospitali ya mkoa wiki hii, uende na pakiti za dawa zake zote, umwambie daktari tunaomba kipimo cha B12, na cha tezi ya shingo pia, maana nayo husahaulisha. Ikiwa ni upungufu, kuna sindano na vidonge, lakini tukichelewa mishipa ya fahamu inaweza isirudi.

Akiniulizia tena, mwambie nimekula.

Mdogo wako,
Salma