Lori moja, magari madogo mangapi?

Mhariri,

Katika makala yenu kuhusu foleni za barabara kuu mliandika kwamba lori moja hula nafasi ya magari madogo mawili, mkapita. Nina ugomvi na hilo "mawili". Sisemi ni uongo, ila mmelitaja kana kwamba lori hutoka nalo kiwandani, kama namba ya chasisi.

Wahandisi wengi huegemea mwongozo wa Marekani wa kukadiria uwezo wa barabara, yaani vyombo vingi kabisa inavyoweza kupitisha kwa saa. Toleo la mwaka 2000, kwa barabara zisizo na mataa wala makutano, lililihesabu lori kuwa sawa na magari madogo 1.5 penye tambarare, 2.5 penye vilima na 4.5 penye milima. Toleo la 2016 likapandisha kiwango cha tambarare hadi 2. Tuseme leni moja, ikiwa na magari madogo matupu, hupitisha 2,400 kwa saa. Tia malori asilimia 10. Ukitumia 1.5, itapitisha vyombo kama 2,290, ukitumia 4.5, kama 1,780. Malori ni yale yale, ila hesabu imepoteza vyombo zaidi ya 500.

Urefu wa lori ndio sehemu ndogo ya tatizo. Dereva wa lori huacha mwanya mrefu mbele kwa sababu mzigo haushikiki kwa breki za ghafla. Aliye nyuma yake na gari dogo haoni kitu ila tela, naye hujivuta nyuma. Ukifika mlima, lori lililosheheni hushusha gia na kutambaa, wanaotaka kulipita huhamia leni ya pili, na leni ya pili nayo hupungua kasi. Lori tupu hupanda mlima ule ule bila kumsumbua mtu. Kifaa cha kuhesabia magari kilichofukiwa chini ya lami hutambua urefu wa chombo, hakijui kimebeba nini.

Ndiyo maana kuhesabu kutwa nzima na kutoa wastani hakutoshi. Barabara ikiwa nyeupe, lori halimzuii yeyote, na namba utakayopata hapo haihusu uwezo hata kidogo. Uwezo huonekana barabara ikishafika kikomo: penye mlima au leni inapoishia, foleni ikiwa nyuma ya mahali hapo na mbele yake magari yakienda bila kizuizi. Hapo hesabu vyombo kwa vipande vya dakika 5, kisha linganisha vipande vyenye malori mengi na vyenye machache. Sharti la mbele kuwa wazi si la mapambo. Foleni ikiwa inaanzia mbele zaidi, unapima kizuizi cha mahali pengine huku ukilisingizia lori lililo mbele ya macho yako. Siku ya mvua itupe, kwa kuwa mvua peke yake hupunguza uwezo.

Kazi hii huchukua siku nyingi, kwa sababu madereva wa malori si wajinga: anayeweza kukwepa saa za msongamano huzikwepa. Vipande vyenye foleni na malori mengi kwa pamoja huwa haba.

Na hapo ndipo pendekezo lenu la kupiga marufuku malori asubuhi linaponitia shaka. Mlitumia mgao wa malori katika vyombo vyote, wa saa 24. Huenda wa saa ya foleni ni mdogo kuliko huo. Ukiwa asilimia 3 tu, penye tambarare, kwa kiwango cha 2, kuyaondoa yote kutaipa kila leni nafasi ya vyombo kama 70 zaidi kwa saa. Pale penye mlima mrefu, faida inaweza kuwa kubwa mara kadhaa. Je, barabara mliyoiandikia ni ipi kati ya hizo mbili, na ni nani aliyesimama pale asubuhi akahesabu?

Msomaji wenu, mhandisi wa barabara